Mkono Unaoinuliwa kwa Dakika Nzima

Hotuba kwa walimu wa shule za msingi, iliyoandikwa baada ya kutolewa kwa mdomo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wakuu mliopo, walimu wote, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya uchovu wa mwili, na aliyeniomba alitarajia, kwa haki kabisa, kwamba mtu wa fiziotherapia atakuja na mchoro wa uti wa mgongo ili awaonye juu ya namna mnavyokaa. Mchoro nimeuacha nyumbani. Nitazungumza juu ya jambo moja tu, nalo ni yoga ya upole kutoka Tibet iitwayo Kum Nye, kwa sababu katika miaka yote niliyoshughulika na shingo na mabega ya watu sijapata zoezi lililodai kidogo namna ile na kunifundisha mengi namna ile.

Nimewatazama tangu asubuhi. Wengi wenu mmekaa mabega yakiwa yamepanda kuelekea masikioni, kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yenu anayetaka kuwapiga kofi la kisogo. Sasa nimesema, na mmeyashusha. Cheko limepita ukumbini. Baada ya dakika tatu yatakuwa yamerudi yalikokuwa, wala hamtajua yamerudi saa ngapi. Msuli uliokazwa kwa saa nyingi, siku baada ya siku, juu ya daftari tisini za kusahihisha au mbele ya ubao unaoandikwa kwa mkono ulioinuliwa, hufika mahali ukaacha kulalamika. Mwenye bega hulizoea, akadhani ndilo umbo lake. Anapokuja kwangu hasemi bega limekaza; anasema kichwa kinamuuma jioni, au hapati usingizi, au amekuwa mkali kwa watoto na hajui kwa nini. Kumwambia mtu wa namna hiyo "legeza mabega" ni sawa na kumwambia mtu aliyelala aamke kwa hiari yake. Hana habari kwamba kuna kitu cha kulegeza.

Hapo ndipo Kum Nye inapoingia, na jina lenyewe linastahili kusimamiwa kidogo. Kitibet kina maneno ya kawaida na maneno ya heshima kwa kitu kile kile. Mwili, kwa neno la kawaida, ni lu. Mwili wa mtu unayemheshimu huitwa ku, na hilo la heshima ndilo lililoingia katika jina Kum Nye. Sehemu ya pili, nye, ni kukanda au kuchua, na ni kitenzi kinachotumika pia kwa kazi ya kufikicha ngozi ya mnyama hadi ilainike. Aliyewahi kushika ngozi iliyoanikwa juani anajua ilivyo: ukiikunja kwa nguvu inapasuka, ukiiacha inabaki kama gome. Inataka mafuta, mikono na muda. Sijui neno la fani yangu linaloeleza vizuri zaidi hali ya mgongo wa mwalimu mwezi wa Novemba.

Aliyeyatoa mazoezi haya na kuyapeleka kwa watu wa nje ni lama, yaani mwalimu wa dini wa Kitibet, aitwaye Tarthang Tulku, mzaliwa wa Golok, nyanda za juu za mashariki ya Tibet, katika madhehebu ya Nyingma, ambayo ndiyo makongwe kuliko mengine katika Ubuda wa Kitibet. Baba yake alikuwa lama na tabibu pia, na ndiye aliyemwonyesha kwanza. Aliondoka Tibet mwishoni mwa miaka ya 1950, akafundisha India, katika chuo kikuu cha Kisanskriti mjini Varanasi, na kufikia mwaka 1969 alikuwa ameanzisha kituo chake Berkeley, California. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo huko walikuwamo wanasaikolojia na watu wa tiba, na mwaka 1978 alichapisha mazoezi hayo katika juzuu mbili, yakiwa yamepangwa kwa namna ambayo mtu asiyejua lolote juu ya Tibet anaweza kuanza peke yake sebuleni kwake.

Mimi sikuanzia sebuleni. Nilianzia Uholanzi nilipokuwa masomoni, katika chumba kimoja cha ghorofani mjini Amsterdam, majira ya baridi, nikiwa nimevaa soksi mbili mbili. Nilikwenda kwa udadisi wa kikazi na, niseme kweli, kwa majivuno kidogo. Mwalimu, mama wa makamo, alituambia tusimame, miguu iachane kidogo, kisha tuinue mikono kupitia pembeni hadi juu ya kichwa. Niliinua, nikashusha, nikatazama huku na huku. Wenzangu mikono yao ilikuwa haijafika usawa wa kiuno. Yule mama alinijia, akaniambia kwa sauti ya chini nianze tena, na mara hii nisiwe na safari.

Nikaanza tena. Dakika nzima kupanda, dakika nzima kushuka. Ninyi mnaijua dakika ilivyo ndefu, maana mmesimamia mitihani. Nikagundua jambo lililonitia haya: kabla mkono wangu wa kulia haujaachana na ubavu, bega lilikuwa limeshapanda. Mkono ulikuwa bado haujafanya kazi yoyote, lakini bega lilikuwa limejikaza kuipokea. Nilikuwa na shahada ya viungo vya watu na sikulijua bega langu mwenyewe. Mkono ulipofika usawa wa kifua ukaanza kutetemeka. Niliusubiri hapo hapo bila kuusukuma, nao ukatulia, kisha ukapanda kwa wepesi ambao sikuutarajia. Viganja vilikuwa vikichemka kama vilivyosuguliwa. Tulipoketi baadaye, niliendelea kuihisi mikono ikipanda, ilhali ilikuwa imelala juu ya magoti.

Mtaniambia kwamba sisi nasi tuna methali zetu za haraka na baraka, na hatuhitaji kufundishwa upole na mtu wa milimani. Ni kweli methali tunazo. Lakini angalieni tunavyofanya mazoezi. Zoezi tunalolijua tangu utotoni ni mchakamchaka, alfajiri, kwa wimbo na kwa hesabu, moja mbili, moja mbili, na aliyebaki nyuma anachekwa. Siubezi mchakamchaka, unaamsha moyo na mapafu, na watoto wanaupenda. Nasema tu kwamba umetufundisha kuuona mwili kama kitu cha kuendeshwa, na mtu mzima aliyechoka akiamua kufanya mazoezi, huyaingia kwa ukali ule ule uliomchosha kazini.

Sasa nieleze namna yenyewe. Kum Nye ina sehemu za kukaa, kupumua, kujichua kwa mikono yako mwenyewe na kujongeza viungo, na zote zinafungwa na sharti moja: baada ya kila zoezi mtu hukaa kimya, dakika tano hadi kumi, akihisi kilichobaki mwilini. Wanaoanza huruka sehemu hii kwa sababu wanaiona ni mapumziko baina ya kazi na kazi. Kwa maoni yangu huko ndiko kazi yenyewe iliko, na anayefanya zoezi moja na kukaa dakika kumi amefanya zaidi ya anayefanya matano na kuondoka.

Kukaa kwenyewe kuna utaratibu. Mtu huketi juu ya mto au mkeka uliokunjwa ili nyonga ziwe juu kuliko magoti, amekunja miguu. Asiyeweza atumie kiti, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu sawasawa. Mikono hulala juu ya magoti, viganja vikitazama chini. Mgongo husimama bila kukakamaa, shingo hurudi nyuma kidogo tu, na macho hubaki nusu wazi yakitazama chini mbele yako. Kisha mdomo huachwa wazi kidogo, ncha ya ulimi ikigusa kaakaa nyuma ya meno ya juu, na pumzi hupita puani na mdomoni kwa wakati mmoja, sawa kwa sawa, polepole kiasi kwamba aliye karibu asiisikie.

Jambo la mdomo huwachekesha watu, na wagonjwa wangu huniuliza kama wataonekana mazuzu. Labda wataonekana. Lakini jaribuni kuuma meno huku mdomo ukiwa umeachwa wazi namna hiyo, haiwezekani. Taya likishaachia, misuli ya shingo inayoshikana nalo haina sababu ya kubaki imekaza, na koo hufunguka. Pumzi nayo ina mambo yake. Kwa mtu mzima mwenye afya, moyo huongeza mwendo kidogo hewa inapoingia na huupunguza inapotoka, na hilo huonekana wazi kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Anayetoa pumzi taratibu anaipa nafasi ile sehemu ya mishipa ya fahamu inayotuliza moyo na kushughulikia mmeng'enyo. Hapo hakuna siri ya Kitibet. Walichofanya Watibet ni kuligeuza jambo hilo kuwa desturi inayofundishwa.

Wao wenyewe hulieleza kwa lugha nyingine. Katika tiba yao, ambayo kitabu chake kikuu huitwa Gyushi, chenye sura 156, mwili huendeshwa na nguvu tatu, mojawapo ikiwa lung, yaani upepo. Upepo huo ndio unaobeba pumzi, mwendo na fikra. Mtu akikosa usingizi, moyo ukimwenda mbio, akiwa mwepesi wa kulia au wa kugomba, Mtibet husema upepo wake umevurugika, na hulisema katika mazungumzo ya kawaida kama sisi tunavyosema fulani ana msongo wa mawazo. Tabibu atamwagiza ale chakula chenye mafuta na uvuguvugu, akae na watu anaowapenda, achuliwe kwa mafuta ya moto kiasi. Kuna tiba moja ambayo mimi, mtoto wa pwani, ilinifurahisha nilipoisikia: hufungwa kitambaani kungumanga iliyosagwa pamoja na mbegu za jamii ya kisibiti, kifurushi kikachovywa kwenye mafuta ya moto kiasi, kikawekwa utosini, viganjani na katikati ya kifua. Kungumanga ile ile inayoota Unguja na Pemba, ambayo bibi zetu waliitia kwenye uji na kwenye mafuta ya kuchua. Sidai kwamba bibi zetu na matabibu wa Tibet walikutana. Nasema kwamba mahali pengi watu walijua kwamba mwenye wasiwasi huanza kusaidiwa kwa joto na kwa mkono, kabla ya maneno.

Nije kwenye neno ambalo waandaaji wameliweka kwenye tangazo, kwamba yoga hii "inafufua mwili". Neno hilo linanitia mashaka, na ningeomba tulishushe daraja. Uchunguzi wa kitabibu uliofanywa juu ya yoga za Kitibet si mwingi, na mmoja wa mwanzo, uliochapishwa mwaka 2004, ulifanyiwa watu 39 wenye saratani ya limfoma huko Texas. Waliofanya mazoezi kwa wiki saba walilala vizuri zaidi kuliko wenzao. Lakini kwa wasiwasi, huzuni na uchovu haikuonekana tofauti ya maana baina ya makundi. Mwaka 2018 ukatoka mkubwa zaidi, wa wanawake 227 waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti kwa dawa za kemikali. Kwa jumla faida ya usingizi ilikuwa ndogo na haikudumu, isipokuwa kwa wale walioendelea kufanya mazoezi angalau mara mbili kwa wiki. Hao ndio waliobaki na nafuu. Yoga iliyochunguzwa humo haikuwa Kum Nye hasa. Ilitoka tawi jingine la Tibet, lenye pumzi na mijongeo yake. Mimi huzisoma habari hizo kwa matumaini ya kadiri. Haiponyi saratani, hairudishi ujana, haiondoi daftari mezani. Anayeifanya mara mbili tatu kwa wiki anaweza kulala vizuri zaidi, na mtu aliyelala vizuri anajua mwenyewe kilichorudi mwilini mwake.

Liko pia suala la kuchanganya majina. Tibet ina yoga ya nguvu iitwayo trul khor, yenye kuzuia pumzi kwa muda, kuruka na kutua sakafuni kwa miguu iliyokunjwa. Kwa karne nyingi ilifundishwa kwa siri, kwa wanafunzi walioapishwa tu, na mambo ya namna hiyo yamechorwa ukutani katika hekalu la Lukhang, nyuma ya kasri la Potala mjini Lhasa. Alikuwapo mwanazuoni Namkhai Norbu, aliyefundisha chuo kikuu mjini Naples, Italia, hadi mwaka 1992, akafariki mwaka 2018 akiwa amewafundisha watu wengi tawi mojawapo liitwalo Yantra Yoga. Hilo linataka mwalimu aliye mbele yako. Halafu kuna mazoezi matano yanayozunguka sana mitandaoni kwa jina la Tibet, yakiahidi kurudisha ujana. Yanatokana na kijitabu kilichochapishwa Marekani mwaka 1939, na hakuna aliyeonyesha kwa ushahidi kwamba yalitoka Tibet kweli. Mojawapo linataka mtu ajizungushe papo hapo mara ishirini na moja. Nimempokea zahanati mgonjwa aliyelifanya akiwa na shinikizo la damu, akaanguka juu ya meza ya kioo. Alishonwa nyuzi tisa.

Kum Nye haina hatari za namna hiyo, ila tahadhari zipo. Msizuie pumzi, hasa wenye shinikizo la damu na wajawazito. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mwenye ganzi inayoshuka mkononi au mguuni, amwone daktari kwanza. Msifanye mkiwa mmetoka kula. Maumivu makali ni ishara ya kuacha hapo hapo. Mtetemeko na joto si ishara ya kuacha.

Najua liko swali ambalo halijaulizwa kwa sauti, ingawa mwalimu mmoja aliniuliza mlangoni: je, hii si ibada? Sitawaficha. Asili yake ni Ubuda, na aliyeifundisha ni lama anayeiona kama sehemu ya njia ndefu zaidi. Mazoezi mengi ndani yake hayana dua, sanamu wala jina la kutajwa. Ni mkono, bega, pumzi na ukimya. Yako machache yanayotumia matamshi matakatifu, Om Ah Hum, na hayo mimi siyafundishi, kwa kuwa nina dini yangu na ninyi mna zenu. Ambaye moyo wake haumruhusu hata kwa haya mengine, asifanye, wala asione haya. Anayetaka kufanya nisingependa adanganywe, kama wengi wanaouza mazoezi wanavyodanganya, kwamba kitu hiki hakina kwao.

Nimezungumza vya kutosha, na chakula naona kimeshafika, kwa hiyo tufanye zoezi moja kabla ya kukila, si baada yake. Tafadhali simameni. Sogezeni viti nyuma ili kila mmoja awe na nafasi ya mikono miwili. Wenye viatu vya visigino wavivue, hakuna anayetazama. Mwalimu mwenye mtoto mgongoni, wewe kaa, fanya kwa mkono mmoja tu.

Miguu iachane upana wa kiganja au viwili. Magoti yasikazwe. Mikono ining'inie pembeni kama nguo iliyoanikwa. Mdomo wazi kidogo, ulimi kwenye kaakaa, na mkicheka chekeni sasa mmalize. Msinitazame mimi, tazameni sakafu, hatua tatu mbele yenu.

Anzeni kuinua mikono kupitia pembeni. Taratibu. Taratibu kuliko hapo. Wewe wa mstari wa pili umeshafika mabegani, nami nilifika kama wewe Amsterdam. Rudi chini, uanze upya. Sikilizeni bega kabla ya mkono: limeshapanda? Lishusheni, mkono uendelee bila bega. Ukitetemeka, subirini mahali hapo hapo. Pumzi isikatike. Saa nimeishika mimi, msihesabu.

Juu ya kichwa sasa, migongo ya viganja ikielekeana. Bila kukaa huko, anzeni kushuka, na kushuka kuwe kwa polepole zaidi ya kupanda, maana mkono unaoshuka hupenda kuangushwa. Sekunde arobaini bado. Ishirini. Viganja vifike mapajani bila sauti.

Ketini mlipo. Mikono juu ya magoti. Tutakaa dakika tano, na nitawagongea meza zikiisha.